Kumwaga, Kunyima, Kukinga: Msamiati wa Maji Kwenye Kibanja

Kitenzi mwaga kina sifa mbaya mtaani. Aliyemwaga unga amepoteza kazi. Aliyemwaga radhi katoa matusi mbele za watu. Damu ikimwagika kuna kesi, na maji yakimwagika, walishasema wahenga, hayazoleki. Ajabu ni kwamba tulipohitaji istilahi ya kuipa mimea maji, tulikwenda kubisha hodi kwenye kitenzi hikihiki cha hasara. Tukakinyambua kikawa mwagilia, tukakivisha viambishi kikawa umwagiliaji, na hatimaye kikaingia bungeni: Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 ndiyo iliyoanzisha Tume ya Taifa ya Umwagiliaji.

Unyambuaji ndio uliokitakasa. Kiswahili kinapoirudia kauli ya kutendea, mara nyingi huongeza ung'ang'anizi. Kitu ulichokishika waweza kukiachia. Ulichokishikilia huachii kirahisi. Vivyo hivyo, kumwaga ni mara moja na basi, lakini anayemwagilia ana mmea anaoulenga na kesho atarudi. Jirani zetu wa Kenya wamependelea kunyunyizia, neno la ukoo mmoja na manyunyu, lenye matone ndani yake. Maneno yote mawili yanafaa pale mtu anapoyachukua maji mahali fulani na kuyapeleka kwenye shina. Kwenye mpunga wa Mbarali au mboga za Lushoto, hicho ndicho kinachofanyika.

Shida huanza ukilibeba neno kumwagilia hadi Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ukasimama katikati ya kibanja, shamba la nyumbani la Wahaya, ukauliza mibuni ya hapa humwagiliwa vipi. Mibuni iko mbele yako, imestawi, mingine imerithiwa kutoka kwa babu. Hakuna mfereji wa kuleta maji, hakuna bomba, hakuna pampu. Miti imekunywa, lakini hakuna aliyemwaga. Afisa ugani akijaza fomu yake, kwenye safu ya umwagiliaji ataandika "hakuna", kana kwamba hapa maji hayatunzwi. Yanatunzwa sana. Ila matendo yanayoyatunza ni mengine: kunyima, kutandaza, kukinga, kusubiri. Vitenzi hivyo tunavyo vyote. Tumevikosesha kazi kwenye istilahi, na kukosa huko kuna gharama yake shambani.

Tuanze na maji yenyewe. Bukoba mjini hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiwango ambacho sehemu chache za Tanzania hukifikia. Chanzo ni Ziwa Viktoria. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa hukusanyika juu ya ziwa, mawingu ya radi hujijenga, na upepo wa mashariki huyasukuma hadi ukingo wa magharibi. Ndiyo maana mvua ya Bukoba hupenda usiku wa manane na alfajiri, wakati mikoa mingine ikizoea mvua ya alasiri. Ukiliacha ziwa na kuvuka miinuko kuelekea magharibi, mvua hupungua upesi. Wilaya ya Muleba peke yake ina vijiji vya ufukweni vinavyolowa kwa miezi, na vijiji vya upande wa ndani ambako mkulima anaijua thamani ya kila tone. Aprili ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote, na Julai ndio mkavu kuliko yote.

Majina ya misimu nayo yamesafiri kutoka mbali. Masika, vuli, kiangazi na kipupwe ni maneno ya mwambao, yaliyokomaa miongoni mwa watu waliohesabu mwaka kwa pepo za kusi na kaskazi. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Vuli, yaani Oktoba hadi Desemba, kwa mikoa yenye misimu miwili ya mvua, Kagera ikiwemo. Lakini kwenye ukanda wa ziwa mvua hizo hupenda kuwahi. Mara nyingi Septemba, kabla pwani haijaona wingu la maana, udongo wa Bukoba umekwisha kulowa. Kipupwe nacho, ambacho kwa mtu wa Tanga ni ubaridi wa kusi na shuka la ziada usiku, kwa Mhaya ni ekyanda: Juni, Julai na sehemu ya Agosti, nyasi za uwanda wa rweya zimegeuka rangi ya mchanga na moshi wa nyika zinazochomwa umetanda. Anaposema kyanda, joto na baridi havimo kwenye hesabu. Anasema mbingu zimefunga.

Mti ninaouzungumzia una majina ya kumchanganya mgeni. Kiswahili huuita mbuni, na mbuni ni ndege pia. Kinachotuokoa ni ngeli, kwani mibuni huota na mbuni hukimbia. Tunda ni buni, kinywaji ni kahawa, na yote mawili asili yake ni Kiarabu. Kihaya kina lake, omwani, na kahawa ya kutafuna huitwa akamwani: buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha mgeni hutiliwa kiganjani kabla maongezi hayajaanza. Mhaya huyo mpeleke Paje, Unguja, awasikie kina mama wakisema wanakwenda kuvuna mwani, atabaki anajiuliza kahawa ya baharini inaiva lini. Kahawa ya robusta imo Buhaya, nchi ya Wahaya, tangu kabla ya Wajerumani kufika, na enzi hizo ilikuwa chini ya mkono wa wafalme. Haikuletwa ikiwa na kitabu cha maelekezo. Watu waliusoma mti wenyewe.

Na kitu cha kwanza walichokisoma ni kwamba mbuni hautoi ua kwa kupewa maji. Hutoa ua kwa kunyimwa, halafu kupewa. Vichipukizi vya maua hujitokeza kwenye pingili za matawi, hufikia urefu wa milimita chache, kisha husimama. Hulala hapo wiki kadhaa za ukame. Mvua ya kwanza ya maana, ya milimita 10 au zaidi, ikija pamoja na ubaridi wa ghafla, ndiyo inayoviamsha. Baada ya siku saba hadi kumi, asubuhi moja, tawi zima ni jeupe. Vishada vimeizunguka kila pingili, petali nyembamba zimejikunja kwa nje, harufu inaikaribia yasmini, na nyuki wamekwisha kufika kabla yako. Siku ya pili weupe bado upo. Siku ya tatu ukahawia unaanza kwenye ncha, na kesho yake vishada vinaning'inia vimekauka. Arabika huweza kujichavusha yenyewe. Robusta haiwezi, inahitaji chavua ya mti mwingine iletwe na upepo au nyuki. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha ndani ya siku hizo mbili tatu, chavua huoshwa na mavuno hupungua hapohapo, miezi 9 hadi 11 kabla ya buni kuiva. Na rasharasha za kudanganya zikija katikati ya ukame, baadhi ya vichipukizi huamka na vingine hubaki usingizini. Ndipo unapoona tawi moja lina ua, buni mbichi na buni nyekundu kwa wakati mmoja, na mchumaji analazimika kuurudia mti uleule tena na tena.

Vitabu vyetu vya kilimo vina neno moja tu kwa kipindi hicho cha kukosa maji: ukame. Nalo ni neno la maafa, mwenzake njaa. Mkulima akisoma kwamba mbuni unahitaji ukame, ataona mwandishi kakosea. Ningependekeza tuazime kutoka kwenye dini na kalenda ya mwambao: kipindi kile tukiite mfungo, na mvua inayokimaliza tuiite mvua ya mfunguo. Waswahili wa pwani wamekwisha zoea kuhesabu miezi kwa Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, na kuendelea, tangu Ramadhani inapokwisha. Wanajua kwamba kufunga hakumaanishi kufa njaa, na kwamba kufungua kuna saa yake. Anayefuturu kabla ya magharibi hakufunga, na anayeshinda bila kufuturu siku tatu anajidhuru. Mbuni nao una magharibi yake. Mfungo ukikatizwa mapema maua hutoka kwa mafungu. Ukirefuka kupita kiasi, vichipukizi hukauka na majani huanza kudondoka.

Ua hilo lina soko, na soko lina neno. Kagera, kuuza kahawa ingali ua au buni changa mtini, kwa bei atakayo mnunuzi, huitwa butura. Anayefanya hivyo ana ada ya mtoto au mgonjwa hospitalini, na aliyonayo mkononi ni weupe wa siku tatu. Kusini, kwenye korosho, kuna ndugu wa neno hili, kangomba, nalo ni la biashara ya chinichini ya mazao ya mkulima. Serikali imepiga marufuku yote mawili. Tazama lakini jinsi butura lilivyopenya kwenye Kiswahili cha magazeti na hotuba bila kamati yoyote kukaa. Lilipenya kwa kuwa lilitaja jambo kamili: si mkopo wa kawaida, si mauzo ya kawaida, ni kuuza mvua moja iliyonyesha na nyingine nyingi ambazo bado hazijanyesha. Neno la kienyeji lililobeba maana nzima halihitaji kibali.

Mbuni hauko peke yake katika tabia ya kujiandaa mapema. Mashariki ya Marekani kuna mti wa bustani uitwao Cornus florida, unaopendwa kwa maua yake ya mwanzo wa majira ya kuchipua. Zile zinazoonekana kuwa petali nne kubwa nyeupe ni majani maalumu yaliyokizunguka kishada cha maua madogo ya kijanikijani. Vichipukizi vyake huundwa wakati wa joto la mwaka uliotangulia, na mizizi yake haishuki sana. Mwenye bustani akiusahau mti huo Julai na Agosti, hasara ataiona mwaka unaofuata, akiwa amekwisha sahau kosa lenyewe. Afrika Mashariki ina nduguye wa porini, Cornus volkensii, wa misitu ya milimani kama ile ya Kilimanjaro, aliyepewa jina la mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Georg Volkens. Ushauri wanaopewa watunza bustani wa Marekani ni kuunywesha mti kwa kina na kwa nafasi, kisha kuufunika udongo wake. Ushauri huo mkulima wa Kamachumu, wilayani Muleba, angeuelewa bila mkalimani.

Wapo pia walioufanya mfunguo kwa mikono yao. Kwenye nyanda za juu za kati za Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa robusta, miezi ya mwanzo wa mwaka ni mikavu kabisa. Wakulima husubiri vichipukizi vikomae, ndipo huwasha pampu na kuupa kila mti mamia ya lita kwa mkupuo mmoja. Huko neno umwagiliaji linatosha, na bili yake ni maji ya ardhini yanayozidi kushuka. Buhaya mfunguo huletwa na ziwa bure. Kazi ya mkulima ni kuhakikisha kilicholetwa hakiondoki.

Kazi hiyo inaanzia kwenye kitenzi tanda. Wingu hutanda, giza hutanda, kitanda kimetoka humo, na mkeka hutandikwa. Tandaza ni kueneza kwa makusudi, na matandazo ndiyo istilahi sanifu ya majani na nyasi zinazofunika udongo shambani. Hapa waliochagua walichagua vizuri, na Buhaya neno hilo lina maana ya ziada. Katika nyumba ya msonge nyasi zilitandikwa sakafuni, zikakaliwa na kulaliwa. Nyasi zilizokatwa kwenye rweya hiyohiyo zilipelekwa chini ya migomba na mibuni. Rweya ni uwanda wa nyasi, ardhi hafifu isiyobeba mgomba. Kibanja ni ile ardhi nyeusi iliyoizunguka nyumba, yenye migomba, mibuni, maharage na makaburi ya wazee. Rutuba ya kibanja si zawadi ya kijiolojia. Ni nyasi na samadi zilizobebwa kichwani vizazi kwa vizazi kutoka rweya. Kiwanja cha mpira na kibanja cha Mhaya ni neno moja kwa asili, ila cha kwanza kimebaki kuwa mahali, na cha pili kimekuwa kazi.

Fukua kwa mkono kibanja kilichotandazwa vizuri, mwezi Julai. Juu kabisa ni majani ya mgomba ya mwaka huu, makavu, yanakatika kwa kelele. Chini yake ni yale ya msimu uliopita, meusi, yamelowa na kushikana. Vipande vya mashina ya mgomba vilivyopasuliwa na kulazwa kifudifudi bado vina majimaji ndani. Ukiinua kimoja, nyungunyungu wanajificha, na hapo unakutana na vizizi vyeupe vya mbuni ambavyo vimepanda juu kuingia kwenye uozo bila kungoja ugeuke udongo. Mizizi mingi inayofyonza maji na chakula cha mbuni iko kwenye sentimita 30 za juu. Kwa sababu hiyo jembe likizama chini ya mbuni linakata midomo ya mti. Magugu hung'olewa kwa mkono, na matandazo mazito huyapunguza hata kabla hayajaota. Karibu na shina huachwa nafasi ya kiganja, gome lisioze na mchwa wasipate daraja.

Neno la pili linalostahili kupandishwa cheo ni kinga. Tazama linavyofanya kazi pande mbili. Mwavuli hukinga mvua, yaani huizuia isikufikie. Ndoo iliyowekwa chini ya bati hukinga mvua, yaani huipokea isipotee. Kitenzi kimoja kimebeba kuzuia na kupokea, na msemaji wa Kiswahili hajawahi kuona mgongano. Kwenye mteremko wa Muleba maana zote mbili hutimia kwenye tuta moja: udongo uliopandishwa kukingama na mwinuko huyazuia maji yasikimbilie bondeni na papo hapo huyapokea kwa ajili ya mibuni iliyo juu yake. Istilahi yake ipo, makinga maji, na ni mojawapo ya maneno bora kabisa katika Kiswahili cha hifadhi ya udongo. Lakini semina za siku hizi zimeishika zaidi "kuvuna maji ya mvua". Sina ugomvi na kuvuna, ila kuvuna huja mwisho wa kazi, wakati kukinga kunakutaka uwe umejiandaa kabla wingu halijafika. Anayekimbia na ndoo mvua ikiwa imekwisha kunyesha hajakinga kitu.

Kumwagilia kwenyewe kuna mahali pake kwenye kibanja: kwa mche. Shimo la sentimita 60 kila upande huchimbwa mapema, udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza, na mche hupandwa mvua zikianza ili uwe na miezi ya kushika mizizi. Kyanda cha kwanza ndicho mtihani. Hapo ndoo ya lita 20 mara moja kwa wiki, jioni, ni bora kuliko kikombe kila asubuhi. Kikombe hulowanisha juu tu, na mizizi huzoea kubaki juu ambako jua huifuata. Na ndoo hiyo isimwagwe, imiminwe. Chai humiminwa, dawa humiminwa, kwa kipimo na bila haraka, ukingoja ya kwanza izame kabla ya kuongeza ya pili. Wengine hutoboa kwa sindano chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, wakaijaza na kuipindua kando ya mche idondoke usiku kucha. Wataalamu huita umwagiliaji wa matone. Mwenye chupa anaita akili. Masika yakikolea kazi hugeuka: mahali ambapo maji hutuama mizizi ya mbuni hukosa hewa, na mtaro wa kuyatoa huwa na thamani sawa na tuta la kuyakinga.

Kila sehemu ya nchi hii imeyapa maji ya shambani msamiati kulingana na kilichokuwepo. Wachaga wana mfongo, mfereji unaoyateremsha maji kutoka mlimani. Wapare wana ndiva, bwawa la kuyakusanya usiku ili yagawanywe mchana. Buhaya haikuhitaji mfongo wala ndiva, ikawekeza kwenye nyasi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, limekuwa na utaratibu wa kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kuvuka mipaka. Utaratibu huo umetupa matunda makubwa. Kitivo cha chuo kikuu kimetoka kwa watu wa Upare na Usambara, ambao kwao ni bonde lenye rutuba. Na ngeli, neno tunalolitumia kupanga nomino zote za Kiswahili, limetoka Kihaya. Lugha iliyoipa sarufi yetu nguzo hiyo haishindwi kutukopesha kyanda, rweya na kibanja kwa ajili ya kilimo.

Faida yake si ya mapambo. Mwaka 1937 wakulima wa Buhaya waliinuka kupinga kanuni za serikali ya kikoloni kuhusu utunzaji wa kahawa yao. Mambo mengi yalihusika, ya siasa na ya fedha, lakini mojawapo ni kwamba watu waliokuwa wakiutunza mti huo kwa vizazi waliambiwa namna ya kuutunza kwa lugha ya amri. Mwongozo unaoanza na maneno ya mwenye shamba husomwa kama mazungumzo. Ukianza na maneno ya ofisini, hupokewa kama amri hata ukiwa sahihi.

Nimeliacha la mwisho neno ambalo uzembe wetu wa istilahi umeliumiza zaidi, nalo ni mnyauko. Kunyauka ni kukauka na kulegea kwa mmea, na kwa karne nyingi mkulima alijua dawa yake: maji, au subira hadi mvua. Kisha yakaja maradhi. Mwaka 1997 ugonjwa wa kuvu unaoshambulia robusta ulithibitishwa Kagera, ukaitwa mnyauko fuzari. Mwaka 2006 ukaripotiwa wilayani Muleba ugonjwa wa bakteria wa migomba, ukaitwa mnyauko bakteria. Kwenye matamshi ya kila siku viongeza-sifa hivyo hudondoka, hubaki mnyauko tu. Neno moja sasa linabeba kiu, kuvu na bakteria.

Yote matatu yanafanana kwa macho kwa sababu yote ni habari ya maji kutofika jani. Kwenye kiu, maji hayapo udongoni. Kwenye fuzari na bakteria yapo, ila mishipa ya mti imezibwa. Mbuni wenye fuzari ukilowanisha udongo wake mwaka mzima hautafufuka. Ukiubandua gome utaona michirizi ya buluu na nyeusi kwenye mti, na dawa ni kuung'oa na kuuchoma palepale, bila kuuburuta kupita kati ya mingine. Mgomba wenye bakteria hutoa usaha wa manjano ukikatwa, ndizi zake huiva kabla ya wakati na ndani huoza. Dawa ni kuukata, kuondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, na kupitisha kisu motoni kabla ya kugusa shina jingine. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, kupitia kituo chake cha Maruku, imetoa aina za robusta zinazohimili fuzari, zikiwemo Maruku 1, Bukoba 1 na Muleba 1. Wataalamu, basi, walizipa mbegu majina ya nyumbani. Wangeyapa na maradhi majina yasiyogombana na kiu.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyatenganisha. Jani lenye kiu hulegea, husinyaa. Neno kusinyaa linafaa kubaki na kiu peke yake, kwa kuwa kilichosinyaa huweza kukunjuka. Mnyauko liachwe kwa maradhi, na daima litamkwe na jina la pili. Tofauti hiyo mkulima anaweza kuipima bila kifaa chochote. Mbuni uliolegea saa saba mchana aurudie alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukiwa umeinua majani, ulisinyaa. Udongo wake uongezewe matandazo, na ukiwa mche, umiminiwe ndoo. Ukiwa umelegea vilevile, au upande mmoja umekufa na mwingine bado mzima, huo ni mnyauko. Ndoo iwekwe chini, panga lichukuliwe, na afisa ugani aitwe.

Mpaka sasa yanafanyika makosa ya pande zote mbili. Wapo wanaobeba maji kila jioni kuupelekea mti uliokwisha kuzibwa, huku kuvu ikisogea kwa jirani. Na wapo, baada ya semina ya mnyauko, wanaong'oa na kuchoma mbuni mchanga uliokuwa na kiu ya Julai tu. Kupanga upya maneno mawili kwenye vipeperushi ni kazi ya mchana mmoja ofisini. Mbuni uliong'olewa kwa makosa hulipwa kwa mche mpya, na mche huo hautatoa buni ya maana hadi baada ya miaka miwili au mitatu.